Kabla ya rangi na fonti: ninavyowafundisha watoto programu ya kuandikia

Katika madarasa mengi ya TEHAMA, somo la kwanza la programu ya kuandikia huwa la mapambo: kukoza herufi, kubadili fonti, kutia rangi. Naelewa kwa nini. Mtoto anabonyeza, kitu kinabadilika papo hapo, darasa linashangilia. Mimi huanzia kwingine. Kinachoitofautisha kompyuta na daftari si rangi, ni kwamba maandishi yake hayajakauka. Sentensi huhama, neno hubadilishwa, aya nzima huondolewa, na ukurasa ukabaki safi kana kwamba haukuguswa. Hilo ndilo nataka mtoto alishike kwanza, na kila zoezi ninalompa wiki za mwanzo linalenga hapo.

Tunaanza na kishale. Watu wazima tumeshasahau kwamba kwenye skrini kuna alama mbili, si moja. Kuna kistari kinachowaka na kuzima, ndicho kishale chenyewe, ambapo herufi zitaingia, na kuna alama ya kipanya, inayofuata mkono tu. Mtoto husogeza kipanya hadi kwenye neno lililokosewa, habofyi, anaandika, na herufi zinatokea mwisho wa aya. "Mwalimu, kompyuta imekataa!" Simwambii la kufanya. Namuuliza: "Kistari kinawaka wapi?" Baada ya muda watoto wenyewe huulizana swali hilo, na nusu ya mikono iliyokuwa ikiinuliwa darasani hushuka.

Zoezi langu la kwanza ni sentensi fupi iliyokwisha kuandikwa: "Mtto anacheza mpira uwanjani." Kazi ni kuongeza herufi moja. Wengi hukimbilia Backspace, wakafuta kutoka mwisho hadi "Mt", kisha wakaanza upya. Ni mazoea ya kalamu: ukikosea, unarudi nyuma. Nawaonyesha vitufe vya mishale, nawaacha watembeze kishale hadi katikati ya neno, waandike "o", na sentensi nzima ijisogeze kuipisha. Uso wa mtoto anapoona hivyo kwa mara ya kwanza unatosha kunilipa kwa siku nzima. Hapo ndipo naeleza kwamba Backspace hufuta kilicho kushoto kwa kishale na Delete hufuta kilicho kulia. Na kama herufi mpya inameza ile inayofuata badala ya kuisukuma, angalia kitufe cha Insert. Kwenye LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia, kikiguswa kwa bahati mbaya hufanya hivyohivyo, na mtoto hawezi kujua kilichotokea.

Mapema kabisa nafundisha Ctrl+Z, yaani kutendua ulichofanya mwisho. Maandishi yakishateuliwa, yaani yakiwa yametiwa kivuli, herufi yoyote utakayobonyeza huchukua nafasi yake yote. Mtoto ameandika nusu ukurasa, ameuteua bila kukusudia, kidole kimegusa "a", na skrini inabaki na "a" moja. Nimeona machozi kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo mimi huleta janga hilo kwa makusudi: kila mtu aandike mistari mitatu, ateue yote kwa Ctrl+A, abonyeze herufi moja, kisha atendue. Tunarudia mpaka wanacheka. Mtoto anayejua kwamba kosa linatenduka huanza kujaribu mambo ambayo sijamfundisha bado, nami siwezi kumtakia jambo bora zaidi.

Sasa kwenye sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote: kitufe cha nafasi na Enter. Mwambie mtoto aweke kichwa cha habari katikati, naye atabonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka maneno yafike anapotaka. Kwa macho kazi ni sahihi kabisa. Sibishani naye. Namwambia akuze herufi za kichwa hicho, na kichwa kinakimbilia kulia, pengine neno la mwisho linadondoka mstari wa pili. Kisha nawasha alama zilizofichika: Ctrl+Shift+8 kwenye Microsoft Word, Ctrl+F10 kwenye Writer. Ghafla ukurasa una safu ndefu ya vidoti, kila kidoti nafasi moja aliyoibonyeza. Wengine huvihesabu kwa sauti. Tunavifuta vyote, tunabonyeza Ctrl+E, kichwa kinakaa katikati, na sasa hata tukikikuza vipi, hakitoki.

Enter ina kisa kama hicho. Kwenye daftari mtoto akifika ukingoni anashuka mstari, kwa hiyo kwenye kompyuta hubonyeza Enter kila mstari unapokaribia mwisho. Programu hushusha mstari yenyewe. Enter ni ya kumaliza aya. Alama zikiwa zimewashwa, kila Enter huonekana kama herufi P iliyogeuzwa. Ukurasa wenye aya mbili na alama kumi na tano za namna hiyo unajieleza. Ongeza neno moja kwenye mstari wa kwanza uone: mistari inakatika vipandevipande, mmoja mrefu, mwingine una neno moja. Walimu wenzangu, acheni alama hizo ziwake muda wote katika wiki za mwanzo. Watoto huzizoea haraka kuliko sisi.

Kukata na kubandika naanza nako mbali na kompyuta, kwa mkasi na gundi halisi. Ndivyo wahariri walivyokuwa wakipanga upya miswada ya karatasi, na ni kazi hiyo ambayo wataalamu wa kompyuta Larry Tesler na Tim Mott waliihamishia kwenye skrini miaka ya 1970, walipotengeneza programu ya Gypsy katika maabara ya Xerox PARC huko California. Nawapa watoto kisa cha sentensi tano zilizovurugwa: mvua inakatika kabla haijaanza, mbuzi anapatikana kabla hajapotea. Wanakata, wanapanga mezani, wanabandika. Kisha wanafungua faili yenye kisa hichohicho na kukipanga kwa Ctrl+X na Ctrl+V. Hawaulizi tena sentensi iliyokatwa imekwenda wapi. Wanajua imo mkononi, inasubiri kubandikwa.

Ndiyo maana siwapi watoto maandishi ya kunakili kutoka ubaoni. Kunakili kunafundisha vidole peke yake, na kunachosha. Faili iliyokwisha andikwa, yenye makosa niliyoyapanda kwa makusudi, hufundisha mengi kwa muda mfupi zaidi, hasa pale kompyuta ni chache na watoto wawili wanagawana moja. Mmoja anashika kibodi, mwingine anasoma na kusema kosa liko wapi, kisha wanabadilishana.

Kuhusu kibodi yenyewe sina haraka. Kibodi nyingi zimetengenezwa kwa mikono ya watu wazima, na sioni sababu ya kumlazimisha mtoto wa darasa la kwanza aandike kwa vidole kumi. Inatosha avijue vile vijinundu kwenye F na J, vinavyoonyesha vidole vya shahada vikae wapi, na atumie Shift badala ya kuwasha na kuzima Caps Lock kwa kila herufi kubwa. Hapo huwasimulia kwamba mashine ya kuandikia ya Sholes na Glidden, iliyoingia sokoni mwaka 1874, iliandika herufi kubwa tu, na kwamba Shift ilikuja na Remington No. 2 mwaka 1878. Wanakipenda kitufe hicho zaidi baada ya kusikia hivyo.

Mistari myekundu chini ya maneno ishughulikieni kabla ya kipindi. Programu iliyowekwa lugha ya Kiingereza hupigia mstari karibu kila neno la Kiswahili, na mtoto aliyeandika vizuri kabisa huona ukurasa mzima umekosewa. Badilisheni lugha ya ukaguzi wa tahajia kama kamusi ya Kiswahili ipo. Kama haipo, uzimeni ukaguzi huo.

Ninaposahihisha, uzuri wa ukurasa hauji kwanza. Nafungua faili, nawasha alama zilizofichika, nakuza herufi zote kwa mpigo. Kichwa kikibaki katikati na aya zisikatike, mtoto amepata alama zote za sehemu hiyo. Kisha namwita akae kando yangu, ahamishe aya ya pili iwe ya kwanza huku namtazama. Anayeweza hayo yuko tayari kwa picha, majedwali na rangi, hata kama bado anatafuta herufi mojamoja kwa kidole.