Je, wajua kwa nini semina ya malezi hujaa mtaa huu, mtaa wa pili viti vitupu?

Programu ni ile ile, mwalimu yule yule, vitabu vya picha vile vile, hata soda ni baridi vile vile. Waweza kukuta Shela, kisiwani Lamu, kina mama wamejaa mpaka wengine wamekaa jamvini nje, ukivuka kwenda kisiwa cha Pate wamekuja wanne na mmoja wao ndio mwenye nyumba. Ripoti itaandikwa haraka haraka kwamba wazazi wa huko hawana mwamko. Jibu hilo mimi huwa silikubali, ni la mtu aliyewauliza wale waliokuja tu.

Wataalamu wana njia zao za kuchunguza haya kabla programu haijaanza. Kuna mwongozo unaitwa CFIR, ulitoka 2009 ukarekebishwa 2022, wenyewe wanaangalia pande tano: programu yenyewe, mazingira ya nje, shirika linaloiendesha, watu wahusika, na vile kazi inavyopangwa. Kuna na COM-B ya 2011 ambayo ni rahisi zaidi, maana inauliza vitu vitatu tu, mtu anaweza? ana nafasi? anataka? Hapo kwenye nafasi ndipo watu wengi hupajibu vibaya.

Chukua Lamu. Mkutano umewekwa Amu, yaani Lamu mjini, saa tatu asubuhi na wazazi wanatoka Faza, kule Pate, sasa maji yakiwa yametoka mashua huweza kukwama njiani, kwa hiyo huyo mama hata awe na hamu vipi atafika saa sita, na hapo nauli ya boti sijaitaja. Baba naye ni mvuvi. Kaskazi bahari imetulia yuko majini na samaki ndio hela yenyewe, kusi ikichafuka ndio utampata barazani. Ukimwita Januari usije ukasema wanaume wa pwani hawajali watoto wao! Halafu kuna mama wa mahamri ambaye asubuhi ndio biashara, saa kumi anangoja watoto watoke chuoni, yaani madrasa.

Lakini kubwa zaidi kwa maoni yangu ni bibi. Nyumba nyingi za huku mtoto analelewa na bibi kama anavyolelewa na mamake, na semina inamwalika mama peke yake, anafundishwa kuongea na mtoto badala ya kumchapa, anarudi nyumbani na maneno mapya, bibi anamuuliza "kwani wewe ulilelewa vipi?" Basi, kwisha. Hapo mama anajua na anataka, ila nyumba haijampa nafasi, na kumrudishia somo lile lile mara ya pili hakusaidii kitu.

Yanayosaidia nayo yapo. Zile shule za chekechea za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 zilishika kwa sababu viongozi wa Kiislamu wenyewe ndio walioomba msaada kwa Aga Khan, hazikuletwa tu na gari la mradi. Afrika Kusini, programu ya Sinovuyo ya wazazi na vijana ilikuwa na vikao 14, na aliyekosa kikao alifuatwa nyumbani kwake. Programu hiyo hiyo ilipofika Tanzania ikaitwa Furaha Teens. Huku Kenya tuna wahudumu wa afya ya jamii, wale laki moja waliozinduliwa 2023, ambao wanapiga hodi majumbani kila siku na watu wanawajua, kwa nini mgeni aalike na mhudumu yupo?

Sasa kuuliza kwenyewe. Mtu wa pwani ukimpa soda na mandazi kisha umuulize programu ikoje, atakwambia nzuri mashallah, ni adabu tu hiyo. Chukua orodha ya walioalikwa wasije, wafuate kwao, na usianze na "mbona hukuja" maana hiyo ni kesi, muulize siku ile ya kikao alikuwa na shughuli gani. Mama na bibi uwaulize mbali mbali, la sivyo bibi atajibu kwa niaba ya wote. Na usiulize mara moja ukafunga faili, kwa sababu Ramadhani ikiingia saa za watu zinageuka zote na kikao cha alasiri kilichokuwa kinajaa kitakosa watu, wenye nyumba wako jikoni wanapika futari.