Hellblade haifuti mchezo wako

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, Mbeya, bado kuna wanaosema: "Ukifa sana kwenye Hellblade, gemu inajifuta." Si kweli. Uvumi ulizaliwa na gemu yenyewe, iliyotoka 2017. Mapema kabisa maandishi yanaonya kwamba uozo mweusi ulio mkononi mwa Senua, mhusika unayemchezesha, utapanda kila akishindwa. Ukifika kichwani, yote yamepotea. Wachezaji wakamuua makusudi mara nyingi, hakuna kilichofutika. Uozo hupanda, hugota, kisha husonga tena hadithi inaposonga. Onyo lipo ili nawe uonje hofu ya Senua, anayesikia sauti kichwani. (Kazi haikuwa ya kubahatisha: watengenezaji walishauriana na Profesa Paul Fletcher wa Cambridge, daktari wa akili, pamoja na watu wenye hali hiyo.)

Umeme ukikatika, unarudi pale gemu ilipojihifadhi mara ya mwisho, basi.

Ila vaa hedifoni. Spika za televisheni zinaua ujanja wote: hutajua sauti imetoka upande gani, na sauti hizohizo ndizo zinazokupigia kelele adui anapokujia mgongoni.