Kupunguza Ujazo Bila Kupunguza Bei

Bei ya bidhaa inaweza kupanda bila tarakimu yake kubadilika. Mtengenezaji huiacha bei palepale, akapunguza uzito, ujazo au idadi ya vipande vilivyomo kwenye pakiti, na mnunuzi akatoa fedha zilezile kwa bidhaa pungufu. Huo ni mfumuko wa bei kamili, ingawa wengi hawautambui, kwa kuwa tumezoea kukariri bei na si gramu.

Mfano uliovuma ni wa chokoleti ya Toblerone, ambayo mwaka 2016 nchini Uingereza ilishushwa kutoka gramu 170 hadi 150 kwa kupanua nafasi zilizo kati ya vilele vyake vya pembetatu. Gramu 20 kati ya 170 ni karibu asilimia 12. Lakini kwa anayelipa kiasi kilekile, bei ya kila gramu hupanda kwa zaidi ya asilimia 13. Pengo hilo hukua haraka: bidhaa ikipungua kwa asilimia 20, bei yake halisi huwa imepanda kwa asilimia 25. Wakati mwingine hata pakiti haisaidii kugundua, kwani kopo lililobonyezwa kitako kuelekea ndani huonekana lilelile likiwa rafuni, na ni vidole tu, vikilipapasa kwa chini, vitakavyokuta shimo.

Kisheria huu si wizi wa mizani, maana uzito mpya huandikwa kwenye pakiti, japo kwa herufi ndogo. Ni kweli pia kwamba malighafi, nishati na usafirishaji hupanda gharama, na mtengenezaji ana haki ya kufidia. Ninachokipinga ni kumficha mlaji, hasa mwenye kipato kidogo, anayepanga matumizi ya wiki nzima kwa kutegemea pakiti moja itoshe siku zilezile.

Watakwimu hawadanganyiki kirahisi, kwa sababu wanapokokotoa fahirisi ya bei, yaani kipimo cha mabadiliko ya bei kwa jumla, huzingatia kiasi kilichomo. Mnunuzi naye anaweza kufanya hivyo kwa kulinganisha bei ya kila kilo au lita badala ya bei ya pakiti. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka yenye zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei ya kila kilo au lita ikipanda, na tangazo hilo hukaa hapo kwa miezi 2.