Zulu (1964): kamera iliyojifungia ndani ya ukuta wa magunia

Ninapofundisha vita vya kikoloni kusini mwa Afrika, huanza na filamu ya Zulu, iliyoongozwa na Cy Endfield na kutoka mwaka 1964. Naipenda, na bado inaniumiza. Zamani nilidhani uzuri wake na ubaya wake ni mambo mawili yaliyokutana tu ndani ya kazi moja. Baada ya kuitazama mara nyingi, naamini vyote vinatokana na uamuzi mmoja wa mwongozaji: vita vikishaanza, kamera inabaki na waliozingirwa.

Kisa chenyewe ni cha Januari 22, 1879, katika kituo cha misheni cha Rorke's Drift, upande wa Natal, koloni la Uingereza, wa mto Buffalo, ambao Wazulu huuita Mzinyathi. Wanajeshi wa Uingereza wapatao 150, wakiwamo wagonjwa waliolazwa, walishambuliwa na Wazulu kati ya 3,000 na 4,000 tangu alasiri hadi usiku wa manane na zaidi.

Kwa ufundi wa kuonyesha mapigano ya mahali padogo, sijaona filamu nyingi za kuifikia. Kabla ya risasi ya kwanza tayari unakijua kituo kizima: hospitali iko wapi, ghala liko wapi, magunia ya mahindi yamepangwa hadi wapi, ukuta wa masanduku ya biskuti umekatiza wapi. Kwa hiyo askari wanaporudi nyuma hatua 20, huhitaji kuelezwa kwamba hali imekuwa mbaya. Filamu nyingi za vita hukumwagia vumbi na makelele usijue nani anashinda. Hii inakuonyesha jinsi nafasi ya kusimama inavyopungua. Hata hospitalini, wagonjwa wanapovushwa chumba hadi chumba kwa matundu yaliyotobolewa ukutani huku paa likiwaka, ndivyo ilivyotokea kweli.

Na ile sauti! Wazulu unawasikia kabla ya kuwaona. Ngurumo inatoka nyuma ya vilima, kama treni iliyo mbali, na macho ya askari yanatafuta inakotoka. Hofu yao inakuwa yako.

Yako makosa ya kihistoria ambayo nayasamehe. Mapigano yalipigwa picha kwenye milima ya Drakensberg, yenye fahari kuliko mahali penyewe. Kikosi cha 24 cha Uingereza, kilichokilinda kituo, kinaonyeshwa kama cha watu wa Wales, ilhali wakati huo kilikuwa na Waingereza wengi zaidi, na ule wimbo wao wa kujibizana na Wazulu ni wa kubuni. Sajini Bourne wa kwenye filamu ni mtu mzima mwenye masharubu. Yule wa kweli alikuwa na miaka 24. Nisichosamehe ni walichomfanyia Henry Hook, mmoja wa askari waliokilinda kituo. Wamemchora mlevi na mvivu anayesingizia ugonjwa, kumbe alikuwa askari mwenye sifa njema, aliyewekwa hospitalini kuwalinda wagonjwa, na hakuwa mtu wa pombe. Huyo alikuwa mtu halisi, na jina lake wamelitumia.

Lakini doa kubwa liko kwingine. Katikati ya filamu askari kijana anauliza kwa nini yamewakuta wao. Bourne anamjibu kwamba ni kwa sababu wao ndio waliopo hapo. Jibu zuri la askari kwa askari. Tatizo ni kwamba filamu nzima haina jibu jingine. Mtazamaji asiyeijua historia anaona Wazulu wamekuja kuvamia. Haambiwi kwamba Desemba 11, 1878, Sir Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, alimpelekea Mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti, likiwamo la kuuvunja mfumo wake wa kijeshi, na kumpa siku 30. Wala haambiwi kwamba Januari 11 safu ya kati ya jeshi la Uingereza iliingia Uzuluni kwa kuvuka mto hapohapo, kwenye kivuko cha Rorke's Drift.

Wazulu wenyewe tunawaona kama wimbi. Mwanzoni yupo Cetshwayo, aliyeigizwa na kitukuu wake Mangosuthu Buthelezi, na hapo nilitarajia mengi. Baada ya hapo hakuna mpiganaji wa Kizulu ambaye tunakaa naye hata dakika moja. Ningependa kujua habari za kikosi cha uThulwana, wanaume wa makamo wenye wake na watoto, waliokuwa akiba huko Isandlwana siku ileile, Wazulu walipolishinda jeshi la Uingereza, wakakosa sehemu ya ushindi, kisha wakavuka mto wakiongozwa na Dabulamanzi, ndugu wa mfalme, ingawa mfalme alikuwa amekataza kuingia Natal. Walipigana wakiwa na njaa na uchovu. Kamera ingetoka nje ya magunia mara moja tu, tungewaona.

Mwishoni Wazulu wanatokea mlimani na kuwaimbia adui zao wimbo wa heshima. Ni kweli walionekana mlimani asubuhi, ila saluti haikuwapo. Waliondoka, na jeshi la Lord Chelmsford, kamanda mkuu wa Waingereza, lilikuwa njiani. Baadaye majeruhi wa Kizulu waliobaki kando ya kituo waliuawa na askari. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa hapo zilikaribia 350. Waingereza waliokufa walikuwa 17.

Huwa nasimamisha filamu hapo, kabla sauti ya msimulizi, Richard Burton, haijasoma majina ya waliopewa nishani 11 za Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na kuwaeleza wanafunzi habari za majeruhi wale. Halafu naiacha iendelee.