GB 4 si mbio

Dukani hapa Moi Avenue, mpwa wangu alikuwa anatafuta kadi ya grafiki, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu. Muuzaji alimwambia: "Chukua hii ya GB 4, ndiyo kali. Ile ni GB 2 tu." Ya GB 4 ilikuwa GT 730, ya GB 2, GTX 1050. Nikamshika mkono kijana kabla hajatoa pesa.

GB za kadi ya grafiki ni nafasi ya kuweka picha ambazo gemu inazihitaji. Kasi ni jambo jingine. Chukua bandari ya Kilindini: uwanja wa makontena uwe mkubwa utakavyo, geti likiwa moja jembamba, malori yatapanga foleni tu. GT 730 ya 2014, ile yenye memori ya DDR3 (aina ya zamani) na njia ya data, yaani geti lenyewe, ya biti 64, hupitisha takriban GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1050 ya 2016 hupitisha GB 112. Halafu viini vya kufanya kazi: 384 vya GT 730 kwa 640 vya GTX 1050, tena hivyo 640 ni vya kizazi kipya zaidi. (Jina GT 730 nalo lina mtego. Yapo matoleo yenye viini 96 tu.)

GB hukuuma zinapokwisha. Gemu ikitaka zaidi ya 2, GTX 1050 huanza kukwamakwama. Punguza ubora wa picha za kuta na nguo, itatulia. GT 730 itakuwa inachechemea kabla hata hazijajaa hizo 4.

Mpwa alichukua ya GB 2. Muuzaji akanuna kidogo, akairudisha ile nyingine kwenye kabati la kioo.