Chama kisicho cha faida hakikatazwi kuuza tiketi

Hapa Lubumbashi, kikundi cha sanaa kikiandika ASBL (yaani chama kisicho cha faida, kwa Kifaransa) kwenye bango kisha kikauza tiketi mlangoni, watu hunung'unika: "Si mulisema hamutafuti faida?" Sheria ya Kongo kuhusu vyama hivi, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, haisemi kila kitu kiwe bure. Inakataza chama kuwatafutia wanachama wake mali. Biashara inaruhusiwa, mradi iwe ya pembeni tu. Kikundi cha sanaa kiitwacho Picha, walioanzisha bienale ya hapa (maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili) mwaka 2008, nao ni ASBL. Kwa hiyo franka za mlangoni zinunue mafuta ya jenereta, rangi, hata kumlipa mpiga ngoma (naye ana watoto wa kulisha). Kosa ni wanachama kugawana kinachobaki.