Waya wa darini si wa kupeleleza mtu

Kila anayepanda darini kwangu hapa Malindi huulizia ule waya, antena ya redio yangu ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kupenda tu, si kwa biashara. Ni waya wa shaba wa mita 10, umekatwa katikati: nusu imefungwa kwenye nguzo upande wa bahari, nusu kwenye mnazi wa jirani, na pale kati panateremka kebo mpaka mezani kwangu. Mwenye mnazi, Bi mmoja mtu mzima, aliutazama siku ya kwanza akaniuliza, "Mwanangu, hapa unamsikiliza nani?" Nikamjibu, "Yeyote anayetaka kusikika, Bi." Hakuridhika. Wala si yeye peke yake; haya ndiyo niambiwayo kila mara, na majibu yangu.

"Ni mtambo wa kijasusi."

Jasusi hujificha. Mwenye redio ya ridhaa analazimika kujitaja hewani, kwa alama ya mwito aliyopewa pamoja na leseni. Kenya imetengewa alama zinazoanza na 5Y na 5Z, na ukisikia 5Z4 jua ni mwanaridhaa wa Kenya. Tena ni marufuku kuficha maana ya unachosema kwa lugha ya siri. Morse nayo, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu, si siri, kila mtu anaweza kujifunza, na tangu 2003 kanuni za kimataifa zimeiachia kila nchi iamue kama itamtahini Morse anayeomba leseni au la.

"Basi tutumie salamu, utuwekee na taarabu."

Hii naisikia zaidi kwa vijana, na huniuma kuwakatalia. Hakuna muziki, matangazo wala malipo. Hata kuulizana bei ya kambamti ni biashara, hairuhusiwi. Wavuvi wa Ngomeni wenye redio za baharini wana masafa yao mengine kabisa; chaneli 16 yao, MHz 156.8, ni ya kuitana na ya dharura, si ya kuchezea.

"Chama ndicho kinachotoa leseni."

Leseni hutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chama, Amateur Radio Society of Kenya, kwa kifupi ARSK, ni cha wanaridhaa wenyewe, na ndicho kinachoiwakilisha Kenya katika IARU, umoja wa vyama vya dunia ulioundwa Paris mwaka 1925. Kazi za chama chetu hazina makeke. Moja ni kadi: ukizungumza na mtu wa mbali, mnatumiana kadi ya kuthibitisha, iitwayo QSL, na badala ya kila mtu kununua stempu kwa kila kadi, vyama hubadilishana kadi kwa mafurushi.

Kazi nyingine ndiyo niipendayo. Kuna mtandao wa vituo 18 duniani vinavyopokezana kutuma ishara, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Chetu, kinachotunzwa na chama, ni 5Z4B, kiko mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi. Hujitaja kwa Morse, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu ya kumi ya wati. Ukisikia miwili tu, unajua saa hiyo wati 10 zinafika na wati 1 haifiki, bila kumuuliza mtu.

Hapo ndipo panapozaliwa dhana ninayoipenda kuliko zote: "Aliye karibu ndiye anayesikika vizuri." Kikuyu ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Kwenye MHz 28.2, moja ya masafa ya vituo hivyo, naweza kukipata kituo cha Japani, cha kwetu nisikisikie kabisa. Mawimbi haya hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga, yakarudi chini mbali. Ni kama kigae anachokirusha mtoto juu ya maji: kinagusa hapa, kinaruka, kinagusa kule, na pale kati maji hayakuguswa. Kikuyu iko pale kati. Na kama bahari ilivyo na bamvua na maji mafu, tabaka hilo hupanda na kushuka nguvu kwa jua, mchana na usiku, na kwa mzunguko wa miaka 11 hivi.

"WhatsApp imeshaiua ridhaa."

Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya tsunami, maji yalipocheza hapa Malindi, kule visiwa vya Andaman vya India mawasiliano yalikatika. Bharathi Prasad, mwanaridhaa wa India, alikuwa Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, na wenzake kwa shughuli yao ya ridhaa tu. Wakageuza mitambo ile kupeleka habari za waliosalimika. Wala ridhaa haikubaki na vyombo vya kale. Tangu Novemba 2018 ipo angani setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyobeba mtambo wetu wanaridhaa wa kupokea mawimbi yetu na kuyarusha tena chini, tuuitao QO-100. Haihami mahali pake, na dishi la kawaida la televisheni huinasa, ila hapa kwetu dishi lazima lilale chali, karibu litazame juu kabisa.

Habari hiyo ndiyo iliyomleta tena Bi. Mwanawe anafanya kazi Doha, huko Qatar. "Kumbe chombo ni cha huko huko! Basi niitie, nimsalimu." Nikamweleza kwamba mwanawe hana leseni, hawezi kunijibu.

Akautazama waya, akautazama mnazi wake. "Mita 10 zote hizi," akasema, akatoa simu kwenye leso akampigia.